Viazi Vikuu vya Upande wa Pili wa Ua

Nilipokuwa mtoto wa kubeba kibuyu kidogo cha maji, bado sijakabidhiwa kile kikubwa, mama yangu alifiwa na kichanga chake, na nyumba yetu ikatengwa.

Sisi Wairaqw hali hiyo tunaiita meeta. Tuliambiwa kwamba kifo cha mtoto anyonyaye hakiishii kaburini. Kinabaki kwenye mikono ya mama yake, kwenye moto wake na kwenye chungu chake, na mtu akivigusa anakibeba mpaka kwake. Kwa hiyo huazimi moto pale, huli cha pale, hunywi kwenye kibuyu cha pale. Mama alichota maji chini kabisa ya kijito, wenzake wote wakiwa wamekwisha kuchota juu, na njia ya kwenda huko aliipasua mwenyewe kwenye majani. Katekista alisema kanisani kwamba haya ni mambo ya giza. Tulimwitikia vizuri sana. Ibada ikiisha, yeye naye alirudi kwake kwa njia ya juu, ile isiyopita kwetu.

Mimi siku ya msiba nilikuwa kwa bibi, mama yake baba, nyumba ya juu kidogo kwenye mteremko uleule, hapa nyuma ya Dongobesh. Ndiyo maana meeta haikunipata. Kati ya nyumba ya bibi na ya mama palikuwa na ua wa minyaa, na bibi alinionyesha kwa fimbo yake.

"Hapa ndipo mwisho wako. Kusema na mama yako, sema mpaka sauti ikauke. Kuvuka, hapana."

"Mpaka lini, bibi?"

"Mpaka nyumba isikie kuzaliwa tena."

Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano kule Basotu, na wazee walikuwa wamempelekea neno kwamba abaki hukohuko kwanza. Sasa huko kuzaliwa kungetoka wapi? Hata mtoto aliyekua na mbuzi alilijua jibu lake.

Mama alianza kukonda. Nilimwona kupitia ule ua, shuka lake likimzunguka mara nyingi kuliko zamani. Siku moja akaniita, akaniambia pale pale kwenye minyaa, kila mmoja upande wake, "Mvua zikianza nitarudi kwetu. Nimechoka kuishi kama mgonjwa wa ndui."

"Na mimi?"

Akaitazama nyumba ya bibi. Nilijua mwenyewe. Mtoto ni wa ukoo wa baba, mama akiondoka anaondoka na mzigo wake tu. Kuanzia siku ile nilitazama mawingu kama mtu anayedaiwa.

Sasa niseme habari ya viazi. Huku kwetu viazi vitamu ni vya kila mtu, lakini viazi vikuu vilikuwa vya mama. Alikuja na mbegu yake kutoka kwao alipoolewa, vipande vya kiazi amevifunga kwenye kanga, na wanawake wa mteremko wakamcheka kwamba ameleta miguu ya tembo. Ni kweli vinafanana. Kiazi kikuu ni kitu cha kutisha ukikitazama, kina magamba na vinywele, kimejaa udongo. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa pili walikuja kuomba mbegu. Bibi mwenyewe alikuwa amehifadhi baadhi darini, vilivyochimbwa kabla ya msiba, kwa hiyo hivyo havikuwa na neno. Na mimi, njaa yangu kwa kweli haikuwa ya kiazi. Nilikuwa namtaka mama. Lakini mtoto anadai kile anachoweza kukitaja.

"Bibi, nataka kiazi kikuu cha kuchoma."

"Mimi sijui kuchoma majiguu hayo. Choma mwenyewe."

Nikawasha moto nje, karibu kabisa na ua. Mama naye akawasha wa kwake upande wake. Hatukupanga. Na ndivyo nilivyofundishwa kuchoma viazi vikuu, kwa sauti tu, mwalimu wangu akiwa nyuma ya minyaa.

"Wewe! Mbona moto wako una ndimi?"

"Nimeshaweka kiazi, mama."

"Kitoe! Moto wa ndimi unaunguza ganda na ndani unaacha mbichi. Unataka kula mkaa nje na gundi ndani? Ngoja kuni ziive, zibaki makaa mekundu yasiyo na moshi."

Nikangoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kuchoma viazi. Alinifundisha kutokiosha, nikifute udongo tu kwa majani makavu, kwa sababu kiazi kilicholowa hupikika kwa mvuke na hakipati ule ukoko. Nikitoboe mahali pamoja kwa kijiti ili kisipasuke. Nikilaze kando ya makaa, sio juu yake, na kukigeuza kidogo kidogo mpaka ganda liwe jeusi na gumu pande zote. Baada ya hapo nikifukie kwenye majivu ya moto na kuondoa mikono.

"Nitajuaje kimeiva?"

"Nusa."

"Kinanuka udongo."

"Basi bado. Harufu ya udongo itaondoka, itakuja harufu kama ya maziwa yanayotaka kuchemka. Ukiisikia, kigonge kwa kidole. Kikikujibu kama mlango wa nyumba tupu, kitoe."

Kiazi changu cha kwanza kilikuwa kibichi katikati. Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba, na bibi, aliyekuwa anapepeta mtama mlangoni, akaacha ungo hewani kidogo kabla ya kuendelea.

Mtoto aliruhusiwa kusema na aliyetengwa, mtu mzima hapana, kwa hiyo bibi hakusema na mama moja kwa moja. Alisema na mbuzi. Alikuwa na mbuzi jike mweusi amefungwa karibu na ua, na kila asubuhi alimsalimia kwa sauti ya kusikika bonde zima. "Wewe mbuzi, kuna mwanamke hapo chini hakula jana, moshi wake sikuuona. Mwambie njaa haijawahi kumfufua mtu." Mama naye alimjibu mbuzi kwa adabu zote: "Mbuzi, mwambie mama mkwe shikamoo, mwambie leo nitakula." Mbuzi alitafuna. Mimi niliona ni mchezo mzuri. Nimekuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba bibi alikuwa ametafuta tundu kwenye mila yake, na lililomtosha kupita lilikuwa tundu la mbuzi tu.

Basi, katika siku zile za kungoja mvua, akaja mama wa chumvi.

Alikuwa Mmang'ati, mfugaji wa ng'ombe wa bondeni, chini ya mlima Hanang, amevaa sketi ya ngozi na bangili za shaba mpaka viwiko. Kila msimu alipanda kwetu na chumvi ya ziwa Balangida, mabonge ya kijivu, na kibuyu cha samli, akabadilishana kwa mahindi na maharage. Safari ile alipita njia ya chini, na njia ya chini ilimleta moja kwa moja mlangoni kwa mama. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, mama anageuza kiazi, mimi nipo kwenye ua nanusa.

"Hodi, Wambulu!" akaita, kwa jina wanalotuitia watu wa nje. "Mnachoma nini kinanukia hivi?"

Mama aliruka kama aliyekanyaga moto. "Usisogee! Simama hapo hapo."

"Una mbwa?"

"Sina mbwa. Nimezika mtoto. Kwetu nyumba ya namna hii hailiwi kitu. Pita kule juu, watakupa maji."

Mama wa chumvi hakupita. Aliushusha mzigo wake taratibu. Akauliza, "Wa kike au wa kiume?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ambayo hajaisikia siku nyingi. "Wa kike."

"Alikuwa na jina?"

"Hakufikia jina."

"Wangu alifikia," mama wa chumvi akasema. Akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele yake. "Leta huo mzizi."

"Hukunisikia nilivyosema?"

"Nimesikia. Masikio ni mazima, tumbo ndilo bovu. Natembea tangu jogoo. Nyinyi wala mizizi mna maneno mengi kuliko chakula."

"Na nyinyi wanywa maziwa," mama akasema, na nikaona mdomo wake unataka kucheka na kulia pamoja, "mkiishiwa maziwa mnaifuata mizizi yetu."

"Ndiyo hiyo nimeifuata. Leta."

Mama hakumpa. Nataka hilo lijulikane. Alikishika kile kiazi mkononi, kinafuka moshi, akatazama juu kwa bibi, na bibi alikuwa ameshatoka mlangoni na fimbo yake.

"Wee mwanamke!" bibi alipiga kelele. "Usile hicho! Kilichomo kwenye moto huo kitakufuata mpaka zizini kwako, kiingie kwenye ng'ombe!"

Kwa Mmang'ati, hakuna maneno mazito kuliko hayo. Angeambiwa kitamfuata yeye mwenyewe angeona afadhali. Alimtazama bibi, akaitazama nyumba ya mama, na lile kaburi dogo lililozungushiwa mawe nyuma yake.

"Kije," akasema. "Zizi langu lina nafasi."

Akanyoosha mkono akakichukua kiazi mkononi mwa mama. Akakikwangua kwa kisu chake, magamba meusi yakadondoka, kikabaki na ukoko wa rangi ya asali. Akakivunja, hakukikata, mvuke ukatoka. Akadondoshea samli yake humo ndani, akasagia chumvi kati ya vidole viwili, akala. Halafu nusu nyingine akamnyooshea mama. Nao wakala pamoja, vidole vinang'aa samli, na mama akalamba vya kwake kama mtoto.

Habari ilifika kila nyumba kabla ya mbuzi kurudi kutoka malishoni. Watu hawakumkasirikia mama, kwa maana alikataza, na sote tulisikia. Walingoja tu. Bibi alikuwa amesema, na bibi hakuwa mtu wa kusema hovyo. Mama wa chumvi atarudi gulio lijalo kuchukua mahindi aliyoahidiwa kwa chumvi yake, na hapo itajulikana.

Gulio likafika. Hakuonekana.

Likafika jingine. Walikuja wanawake wengine wa bondeni, yeye hayumo. Mmoja aliyeulizwa alisema hamjui, na huko kutomjua kukatembea mteremko mzima, kukawa kifo. Kufika kwetu kilikuwa tayari kimeshakuwa na zizi zima la ng'ombe waliolala miguu juu.

Mama aliacha kuchoma viazi. Moto wake ulitoa moshi asubuhi tu, wa uji. Nilimwita, "Aayo! Aayo!", ndivyo tunavyomwita mama kwetu, akaja mpaka kwenye ua na macho yamevimba.

"Nimeua mtu wa watu," akasema.

"Ulimkataza, mama."

"Nilimkataza kwa mdomo. Moyoni nilitaka ale." Akagusa minyaa, ule utomvu wake mweupe ukamdondokea mkononi, wala hakuufuta. "Sitangoja mvua inyeshe. Wingu likishuka tu, nakwenda."

Bibi alisikia. Kesho yake akavaa shuka lake la kanisani, akashuka gulioni Dongobesh kwa miguu yake mwenyewe, yeye ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia hata kijitoni. Alishinda huko. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mbuzi.

"Wewe mbuzi, nimewauliza wachungaji wote wa bondeni. Hawajasikia msiba wa mwenye chumvi. Hawajasikia pia kwamba yu mzima. Mwambie huyo binti wa watu afungue mzigo wake, mtu hasafiri kwa habari nusu."

Lakini mzigo mama hakuufungua. Niliuona umekaa mlangoni.

Siku ile mlima Hanang ulikuwa umejifunika kichwa chote, na upepo ulikuwa na ubaridi wa maji. Mama ameshajitwisha mzigo. Mimi nimeng'ang'ania ua kwa mikono yote miwili, na bibi amenishika kiunoni nisivuke. Majirani wamesimama mbalimbali, kila mmoja anajifanya ana kazi pale. Ndipo tukasikia bangili.

Alipanda kwa njia ya chini kama mara ya kwanza, anahema, kibuyu kikubwa mgongoni.

"Mbona mmesimama kama mtama?" akauliza. "Mahindi yangu yapo?"

Mama alikuwa ameketi chini na mzigo wake kichwani bado.

"Ulikuwa wapi?" bibi akauliza. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Kwa ng'ombe. Nina mmoja mwekundu, kila mwaka anaharibu mimba, mume wangu alishasema achinjwe. Safari hii amezaa. Jike! Nikakaa naye mpaka ndama ashike miguu, sikumwamini mtu." Akakipiga kibuyu kofi. "Samli ya maziwa yake hii. Nimemletea mama wa mzizi."

Bibi akasimamisha fimbo yake ardhini. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulikula kwenye moto ule. Ukarudi zizini. Ng'ombe aliyekuwa anaharibu mimba akazaa."

"Ndivyo."

Bibi akageuka kwa majirani, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya kila siku. "Mimi nilisema nini? Nilisema kilichomo kwenye moto ule kitamfuata mpaka zizini kiingie kwenye ng'ombe. Nani hakunisikia? Kimemfuata. Kimeingia. Na kimezaliwa. Nyumba imesikia kuzaliwa."

Mzee mmoja, jirani yetu wa juu, alikohoa. "Lakini mama, huyo ni ndama. Tena wa zizi la Wamang'ati."

"Wewe mke wako ulimpata kwa nini? Kwa maua? Si kwa ng'ombe? Kama ng'ombe anatosha kuingiza mwanamke nyumbani, ndama anatosha kumtoa kwenye meeta."

Watu wakacheka, na yule mzee akacheka pia; alishindwa maneno, akashinda. Nasema akashinda kwa sababu nilimwona uso wake. Hakuna mtu pale aliyekuwa anataka mama aondoke. Walikuwa wanangoja mtu mwenye haki ya kusema, aseme.

Bibi akaniachia kiuno. Akavuka ua yeye kwanza. Akamtua mama mzigo, akachovya vidole kwenye ile samli ya ndama, akampaka mama mikononi na usoni, mpaka kwenye nywele. Hakusema na mbuzi. Alisema, "Binti yangu, nina njaa. Choma."

Mama akachoma. Nilikuwa kwenye mapaja yake muda wote, nimekuwa mkubwa mno kwa mapaja lakini hakuna aliyenitoa. Bibi alikula mbele ya kila mtu, akanyoosha mkono akaongezewa. Mvua ilitukuta palepale, na hatukuingia ndani mpaka moto ulipozimika wenyewe.

Nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote. Vijana wakilisikia wananiambia, "Bibi, huyo bibi yako alikuwa mjanja, hakuamini lolote." Sio kweli. Bibi aliiamini meeta mpaka alipokufa, na baada ya siku ile alikwepa nyumba nyingine zilizotengwa kama kawaida. Hakumdanganya mtu. Alikuwa na hofu ya kweli na alikuwa anampenda mkwe wake kwa kweli, na vyote viwili vilikaa nyumba moja vikigombana, mpaka ng'ombe wa watu alipokuja kuvipatanisha. Na mama wa chumvi sijui aliamini nini. Labda aliamini kila neno la bibi, akala hivyohivyo.

Mwaka huu mkwe wangu anayekaa Endagikot, karibu na mjini Mbulu, mimba yake iliharibika ikiwa imefika mbali. Siku hizi hakuna anayetaja meeta. Watu walimtumia pole kwenye simu, nyingi, zina maua na mikono iliyokunjwa. Lakini nilipofika nilikuta vikombe vyake vyote vimekauka kabatini. Hakuna aliyeketi pale kunywa hata chai.

Nilikuwa nimebeba viazi vikuu, uzao wa mbegu ya mama. Yeye ana jiko la gesi, nami sikulitaka, nikatafuta la mkaa.

"Mama, ngoja nikusaidie," akasema. "Wengine wanavipaka kitunguu saumu na tangawizi, vinanukia sana."

"Lete hicho kitunguu saumu. Twanga na chumvi, changanya kwenye samli, tutapaka vikishaiva. Ukipaka mapema kinaungua kinakuwa kichungu. Sasa kaa hapa, tungoje mkaa."

Tukangoja. Akaanza kusema kidogo kidogo, huku anageuza kiazi, na mimi sikumkatiza. Nilikuja kula, nikala. Vitunguu saumu viliongeza utamu kweli, nilikiri.

Bibi yangu alihitaji ndama azaliwe ndipo avuke, na simlaumu, kwa sababu alivuka. Mimi nimezaliwa nyuma yake, nimeonyeshwa njia na watu watatu, mmoja wao hata jina lake sikuwahi kuliuliza. Ingekuwa aibu kwangu kungoja dalili. Mkwe wangu alipokwangua kiazi cha pili aliniuliza kama nitalala. Nikamwambia nimekuja na nguo za wiki nzima.